Mama Ustawi Alivyonifundisha Kumenya Ndizi

Juzi walipita hapa kwangu Bugene vijana wa ustawi wa jamii walio kwenye mafunzo kwa vitendo. Wamevaa vizibao vyenye mistari inayong'aa, simu mkononi, viatu safi kabisa, nikajua hawajapelekwa Kaisho wakati wa mvua. Mmoja akaniuliza, "Mzee, kazi hii ulijifunzia wapi?" Nikamjibu kwamba cheti nilipewa chuoni, lakini kazi nilijifunzia jikoni. Wakacheka kwa adabu, vile mnavyomcheka mzee mnayedhani ameanza kuchanganyikiwa, kisha wakakimbilia bodaboda. Ninyi wenzao huenda mna nafasi ya kunisikiliza, kwa hiyo nawaandikia ninyi.

Kwanza mnijue. Sikuianza kazi hii ujanani. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi kwa miaka mingi, nikaenda kusomea ustawi wa jamii mvi zikiwa zimeshaota, nikakaa darasani na watoto ambao huenda mimi mwenyewe niliwafundisha kusoma. Niliporudi nikapangiwa Kyerwa, chini ya mwanamke mdogo kwangu kwa umri na mkubwa kwangu kwa kila kitu kingine. Jina lake ni Kokugonza, ila kuanzia Nkwenda hadi Kaisho hakuna aliyemwita hivyo. Walimwita Mama Ustawi. Kila asubuhi alinisalimu shikamoo huku akikunja goti kidogo, kama alivyolelewa, nami ninaitikia marahaba, halafu papo hapo ananirudishia ripoti yangu. "Mwalimu," anasema, "hii kaiandike upya."

Alikuwa anapenda kupendeza, yule mama. Alipanda pikipiki mwenyewe akiwa amevaa mabuti ya mvua, na viatu vyake vya kisigino vimefungwa kwenye mfuko wa plastiki mbele ya tangi. Akifika kwenye ofisi ya kijiji anavibadilisha kabla ya kuingia. Nilimuuliza kwa nini anajisumbua kiasi hicho kwa watu wenye matope miguuni. Akaniambia, "Mwalimu, wewe ukienda kwa mkuu wa wilaya unavaa nini? Na hawa ni watu." Nimefanya kazi na watu wengi, wenye shahada na wasio nazo, na sijamwona wa kufanana naye. Akisoma hapa atanipigia simu anigombeze kwa kumsifu hadharani, na mimi nitaipokea simu hiyo kwa furaha.

Sasa, mwalimu anapoingia kwenye unasihi anaingia na ugonjwa. Hawezi kuvumilia kimya. Darasani mtoto akinyamaza unamwita mwingine ajibu, na jibu lenyewe unalijua tangu jana. Nilikwenda na ugonjwa huo Nkwenda, kwa mume na mke waliokuwa hawaelewani. Mume alikuwa mnunuzi wa maharage, mwenye sauti kubwa, na mke alikuwa ameshafunga nguo zake kwenye khanga tayari kurudi kwao. Kabla chai haijapoa nilikuwa nimeshawapa mawaidha ya kuvumiliana, kusameheana na kumtanguliza Mungu. Wakasema ndiyo, ndiyo, Mwalimu, asante sana. Nikatoka nimejawa na sifa.

Mama Ustawi, aliyekuwa amekaa pembeni muda wote, akaniambia tukiwa nje, "Umewapa dawa kabla hawajakuonyesha wanapoumia." Tukarudi ndani. Akamwambia yule mume, "Baba, nimekusikia. Sasa niambie, kama angekuwa mkeo ndiye anayenisimulia, angesema nini?" Yule bwana akafungua mdomo. Akaufunga. Akamtazama mkewe kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza tangu harusi, akasema, "Sijui." Mke akaanza kulia. Mama Ustawi akamwacha alie. Hiyo "sijui," wanangu, ilitufungulia mlango ambao mawaidha yangu yote yalikuwa yameusukuma kwa nje.

Nkwenda hiyohiyo nilifundishwa jambo jingine ambalo kwenye vitabu vyenu hamtalikuta. Mnafundishwa kutunza siri za mteja, na mkikutana naye njiani msimkimbilie, maana watu watajiuliza mnajuana vipi. Vizuri. Lakini huku kwetu mtu akikupita bila kukusalimu, kesho kijiji kizima kinauliza mmegombana nini. Ukimsalimu umetoa siri yake, usipomsalimu umemtukana. Mama Ustawi alilimaliza tatizo hili kwa njia ya kuchosha kabisa: alisalimu soko zima. Wauza nyanya, wauza mitumba, mwenye dagaa, mwenye majembe, mama na mtoto wake mgongoni, wote sawa, habari za nyumbani, za shamba, za watoto. Kulikatisha soko la Nkwenda pamoja naye ilikuwa safari. Nililalamika jua linaniunguza. Ila aliyekuwa amekuja ofisini kwetu juzi yake akilia, alisalimiwa kama wenzake wote, na hakuna aliyenong'ona.

Nimewapeleka huku na huku, sasa niwapeleke Kaisho, maana huko ndiko kuliko na kisa changu.

Kuna mwanamke alifariki huko, kibarua wa mashamba ya kahawa. Wazazi wake walitoka Burundi zamani, naye alizaliwa na kukulia huku akipalilia na kuchuma mashambani mwa watu. Mume wake alikuwa ameondoka kutafuta kazi upande wa Uganda na hakusikika tena. Mama huyo aliacha watoto wawili: Yusta, msichana aliyekuwa anakaribia kumaliza shule ya msingi, na Deo, ambaye alikuwa hata suruali bado anavalishwa. Walikuwa wakiishi kwenye kibanda pembeni ya kibanja, yaani shamba la migomba, cha bibi mmoja wa Kinyambo, mjane aitwaye Leokadia, aliyewapa nafasi ile kwa hisani. Leokadia alikuwa na wana watatu, wote wameondoka kutafuta maisha mjini.

Mwenyekiti wa kitongoji, mtu mwema kabisa, alikuwa na mpango tayari. Deo apelekwe kituo cha kulelea watoto, mbali, safari ya kutwa. Yusta kuna mwenye gesti Nkwenda anatafuta msichana wa kufua mashuka. "Wote watakula," alisema, "na sisi tutalala." Kituo kile hakikuchukua wakubwa, na mwenye gesti hakutaka mtoto mdogo. Kwa hiyo mpango ule, ukiutazama vizuri, ulikuwa ni kuwatenganisha ndugu ambao hawakuwa na mtu mwingine duniani.

Tatizo lilikuwa Yusta. Tangu mazishi hakuwa amezungumza na mgeni yeyote. Nilifika na fomu yangu, nikakaa kwenye benchi, yeye nikamkalisha mbele yangu. Fomu inaanza na majina, nikaandika niliyoambiwa na mwenyekiti. Halafu inauliza asili ya familia. Nikauliza kwa sauti yangu ya darasani, "Asili yenu ni wapi?" Yule binti akainuka, akamfunga mdogo wake mgongoni, akaingia migombani nyuma ya nyumba. Nikabaki na kalamu hewani. Tulimsubiri mpaka tukakata tamaa.

Siku ya pili Mama Ustawi hakuchukua fomu. Tulimkuta Leokadia chini kwenye nyasi alizotandika jikoni, kisu mkononi, mkungu mbele yake, anamenya ndizi za mchana. Akatukaribisha, "Karibuni waitu," kwa lile neno letu la heshima, akatuletea kahawa ya kutafuna, ile iliyochemshwa na majani yenye harufu nzuri ikaanikwa. Tukatafuna kwanza, maana huku kwetu jambo lisiloanza na kahawa ni jambo la polisi. Kisha Mama Ustawi akavua viatu vyake vya kisigino, akakaa chini, akaomba kisu. Akaomba na cha pili, akanipa mimi.

Nyie vijana wa siku hizi mnapika mpaka biriani, mnapiga na picha. Lakini wakati huo, na kwa umri wangu, mwanaume wa Kinyambo akiingia jikoni alikuwa anatafuta moto wa kuwashia sigara. Leokadia akaziba mdomo kwa kiganja. "Mwanangu, utamfedhehesha mtu mzima wa watu!"

"Huyu si mwanaume, bibi," Mama Ustawi akasema bila kunitazama. "Huyu ni mwalimu."

Nikakaa. Nikamenya. Niwaambie ukweli, niliichonga ile ndizi kama mtu anayechonga mpini wa jembe. Ganda linatoka na nyama yote, inayobaki ni kijiti. Utomvu ukanishika vidole, ukaruka kwenye shati jeupe nililokuwa nimelivaa kwa ajili ya kazi ya serikali. Utomvu wa ndizi hautoki kwa sabuni wala kwa maombi. Leokadia alikuwa anajizuia asicheke, mabega yakimtikisika. Ndipo nikasikia kicheko kidogo mlangoni. Yusta alikuwa amesimama pale, Deo mgongoni, ananitazama kwa huruma na dharau kwa pamoja, na hayo mawili yakikutana kwa mtoto hayana dawa.

Akaja akaninyang'anya kisu. "Siyo hivyo," akasema. "Unatupa ndizi yote kwenye maganda."

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwetu. Akanifundisha. Unapaka mafuta mikononi kwanza, hata kidogo tu, utomvu usigande. Unakata ncha. Kisu unakilaza, hukisimamishi, kinapita juujuu kati ya ganda na nyama. Iliyomenywa unaitumbukiza majini mara moja isije ikawa nyeusi. Nilitaka kumuuliza maswali kumi palepale, kwa kuwa mlango umefunguka. Mama Ustawi akanikata jicho. Nikanyamaza, nikamenya. Tulikula pamoja mchana ule, ndizi na maharage, tukaaga, tukaondoka bila kuandika hata mstari mmoja.

Njiani nililalamika kwamba siku imepotea. Akasimamisha pikipiki kabisa ili nimsikie. "Mwalimu, ukimkalisha mtoto mbele yako ukamtazama machoni, unamfanya mshtakiwa. Mikono ikiwa na kazi na macho yako chini, maneno yanatoka yenyewe. Na wewe uwe mjinga wa kitu fulani, yeye awe fundi. Mtu akiisha kukufundisha, hakuogopi sana." Mtaka cha mvunguni sharti ainame, wanasema wahenga. Niliijua methali hiyo tangu utoto na nimeifundisha darasani mara nyingi, ila siku ile ndiyo kwanza niliinama.

Tulirudi tena na tena. Nikawa fundi wa wastani. Siku moja, tukiwa tunamenya, Yusta akauliza bila kuinua kichwa, "Ile karatasi yenu, mkishaijaza inakwenda wapi?"

Mimi ningesema, "Usiogope mwanangu, ni karatasi tu." Mama Ustawi hakusema hivyo. Alimweleza karatasi inawekwa kabati gani, nani ana ufunguo, nani anaruhusiwa kuisoma na nani haruhusiwi hata akiwa na cheo. Akaongeza, "Na nikuambie jingine. Kama kuna mtu anakuumiza, au anamuumiza Deo, hilo sitalifungia kabatini. Nitalipeleka mbele hata ukinikataza. Nakuambia mapema, usije ukasema nilikudanganya." Mniandikie hilo mioyoni mwenu. Hakuahidi kutunza kila siri. Aliahidi kile alichoweza, na mtoto anaijua tofauti.

Yusta akamenya ndizi nyingine, akaitumbukiza majini. "Mama alisema," akaanza, kisha akasita. "Mama alisema akija mtu na karatasi akauliza tumetoka wapi, ninyamaze. Tusije tukafukuzwa."

Mtoto amezaliwa Kaisho, mdogo wake amezaliwa Kaisho, mama yao alikuwa hajui njia nyingine zaidi ya ile ya shamba na kisima. Lakini hofu ilirithiwa kama inavyorithiwa sura. Kimya chote kile tulichokiona kuwa ni ukaidi kilikuwa ni utii kwa mama aliyelala kaburini. Niliumia sana siku ile. Na hapohapo nilimstahi yule binti, na nilimstahi Mama Ustawi aliyejua kumngoja.

Tangu hapo Mama Ustawi akanikataza kuanza fomu kwa juu. "Anzia chini, Mwalimu. Wanakula nini? Mtoto akipata homa wanamwita nani? Wakiwa na furaha wanakwenda kumwambia nani? Ya juu yatajazwa yakishakuwa hayatishi." Tukaanzia chini. Deo akipata homa wanamwita nani? "Bibi." Furaha wanampelekea nani? "Bibi." Mwenyekiti alikuwa ametafuta mlezi mpaka nje ya wilaya, na mlezi alikuwa anamenya nasi ndizi.

Ila usimamizi wa mashauri si kumpata mtu mwema tu na kusema Mungu amejibu. Mtu mwema ana watu wake. Wana wa Leokadia wakapata habari, wakarudi wote. Mkubwa wao, Rwegoshora, alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi Kayanga, mtu mrefu mwenye kauli. Tukaitisha kikao pale nyumbani: wana watatu, wazee wawili wa ukoo, mwenyekiti, sisi, Leokadia na Yusta. Deo alikuwa amelala mapajani mwa bibi.

Rwegoshora akasema, "Mama, sina ugomvi na mtoto wa mtu. Huyu binti akae, atakusaidia kazi. Lakini huyu wa kiume hapana. Mtoto wa kiume anakua. Leo anaomba uji, kesho anaomba kibanja." Wazee wakatikisa kichwa kuafiki. Nikatazama uso wa Mama Ustawi, haukuonyesha kitu.

Yusta hakuwa ameitwa kusema. Akasimama. "Basi mniondoe mimi," akasema. "Deo abaki. Yeye hajui kulala bila Bibi. Mimi nitakwenda Nkwenda kufua."

Ugonjwa wangu wa ualimu ukanipanda, nikafungua mdomo kuokoa hali, na Mama Ustawi akanikanyaga mguu. Alikuwa amevaa vile viatu vya kisigino. Nikaufunga. Kimya kikazidi kuwa kizito, kuku wakasikika nje, mzee mmoja akakohoa kwa makusudi, na bado yule mama hakukivunja. Nilidhani ni ukatili. Leo najua kwamba yule aliyetakiwa kukivunja alikuwa bado anakusanya nguvu.

"Mnagawana watoto," Leokadia akasema hatimaye, "na mimi hakuna aliyeniuliza." Hakupaza sauti. "Ninyi watatu mmeondoka, na sikuwalaumu, maisha ndivyo yalivyo. Asubuhi anayeniambia shikamoo ni Yusta. Mgongo ukiuma anayenichotea maji ni Yusta. Huyu mdogo akikohoa nasikia, na mimi nikikohoa anaamka kuniuliza bibi vipi. Waondoeni basi. Siku nisipoamka, mtaletewa habari na nani? Na kunguru?"

Hakuna aliyecheka. Sasa tazameni alichofanya Mama Ustawi, maana mimi moyoni nilikuwa nimeshamhukumu Rwegoshora na kumfunga. Yeye akamgeukia kwa upole. "Baba, unachokiogopa ni ardhi?"

"Ndiyo," akajibu kwa ukali kidogo.

"Asante kwa kukisema. Wengi wanakificha, halafu kinaharibu mambo baadaye. Hofu yako ina haki yake, tuiweke mezani." Wakazungumza wazi, mbele ya ukoo na mwenyekiti: watoto wanalelewa, hawarithi, kibanja kinabaki cha ukoo, Leokadia akiwapo, watoto wote wawili wapo naye. Mabega ya Rwegoshora yakashuka. Anayekataa ana kitu anakiogopa, wanangu. Mkimwaibisha atakubali mchana na kugeuka jioni. Mkimsaidia kukitaja atakaa nanyi.

Tulipotoka nikasema, "Yule bwana roho yake ngumu." Mama Ustawi akabadilisha viatu, akavaa mabuti. "Yule ndiye mtu wetu wa muhimu kuliko wote. Kuanzia leo, kila ukitoka Kaisho unampigia simu. Usimwombe kitu. Mpe habari njema tu."

Nilitii kwa kinyongo. Nampigia: mama yako hajambo, kahawa imechanua. Anajibu, "Sawa," anakata. Nampigia: Yusta amefaulu kwenda sekondari. "Sawa." Nampigia: Deo amejifunza kuhesabu, anahesabu kuku wa mama yako na kila akihesabu wanaongezeka. Nikasikia anacheka, halafu anajidai ni mtandao. Baadaye ikawa nikipiga anauliza mwenyewe, "Na yule mdogo?" Siku moja nilipofika Kaisho nikamkuta Deo amevaa viatu vipya vya shule, vikubwa kidogo. Leokadia akasema kuna mtu alivituma kwa basi na hakusema ni vya nani.

Mnaona ninyi mna vishikwambi, mnajaza taarifa hukohuko kijijini na mchwa hawali majalada yenu kama walivyokula yetu. Nafurahi, sina wivu. Na nimewaona baadhi yenu mkifanya kazi nzuri, wavumilivu kuliko nilivyokuwa mimi. Ila kishikwambi hakina mahali pa kuandika kwamba mtu alicheka akasingizia mtandao. Hilo mlibebe wenyewe.

Leokadia alifariki mimi nikiwa nakaribia kustaafu. Aliugua kwa muda mfupi, Yusta akimuuguza baada ya shule, akaondoka kwa amani. Nilipopata habari nilifurahi kwamba hakuteseka, kisha nikaogopa. Kumbukeni makubaliano: Leokadia akiwapo. Sasa hakuwapo. Mama Ustawi nami tulikesha na mawazo, tukazungumza na walezi wa kuaminika tuliowajua katani. Mmoja alikubali kumchukua Yusta. Mwingine alikubali kumchukua Deo. Wa kuwachukua wote wawili hatukumpata. Tulipanda pikipiki kwenda mazishini tukiwa na mpango uleule wa mwenyekiti wa miaka ile, umebadilishwa majina tu.

Watu walijaa kibanjani mpaka barabarani. Kwaya ya kanisa iliimba, mchungaji akahubiri, jeneza likiwa chini ya turubai. Wana watatu walikaa mbele na wake zao na watoto wao. Yusta na Deo sikuwaona, nikawatafuta kwa macho, nikawakuta nyuma kabisa pamoja na majirani, Deo ameshika sketi ya dada yake. Walikuwa wamejua wenyewe pa kukaa, bila kuambiwa, na hilo lilinichoma.

Ukafika wakati wa kusoma historia ya marehemu. Rwegoshora akasimama na kipaza sauti. Akasoma mama yake alipozaliwa, alipobatizwa, alipoolewa, jinsi alivyolima, jinsi alivyougua. Sauti ilikuwa imara. Kisha akafika pale tunapofika sote. "Marehemu ameacha watoto watano."

Watu wakatazamana. Mzee mmoja wa ukoo akageuza kichwa. Nikadhani amekosea kusoma kwa sababu ya majonzi, na nikaona na wengine wanadhani hivyo, wanangoja ajirekebishe. Rwegoshora akapangusa macho kwa mgongo wa mkono, akaendelea taratibu, jina kwa jina, ili wote tusikie: "Rwegoshora. Fortunatus. Eliasi. Yusta. Deogratias." Akatazama nyuma, juu ya vichwa vyetu. "Wanangu, mbona mmekaa huko? Njooni mbele mkae na wenzenu."

Wakapita katikati ya watu, Deo mbele, dada yake nyuma. Pale kulikuwa na wanawake waliompokea Leokadia akiwa bibi harusi, wanaojua alizaa mara ngapi na mkunga alikuwa nani. Hakuna hata mmoja aliyemsahihisha.